Hotuba juu ya Hatari za Uzazi na Wajibu wa Chama Chetu

(Ilisomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa mwaka, Birongo)



 Kabla ya kuanza twaomba radhi mbele ya wazee. Jambo tulilopewa kulinena leo ni jambo ambalo, kwa desturi ya Abagusii, kijana halineni mbele ya baba zake wala mbele ya mama wakwe. Tumelelewa katika chinsoni, nasi hatukuja hapa kuivunja. Lakini hata nyumba yenye heshima ina mlango, na moto ukiwaka ndani mlango hufunguliwa, aliye nje akaingia pasipo kungoja kukaribishwa. Kwa hiyo tutataja mambo ya mwili wa mwanamke kwa maneno ya adabu kadiri tuwezavyo, nanyi wazee mtatuvumilia.

Sisi ndio tunaoandika daftari la hesabu za chama hiki, na sababu ya hotuba hii imo ndani ya daftari hilo. Wengi wenu mnakumbuka mazishi ya mke wa mwanachama wetu mmoja. Jina lake hatutalitaja, kwa kuwa jamaa zake wameketi pamoja nasi. Alijifungua salama nyumbani usiku wa mvua, mtoto akalia, watu wakashukuru. Baadaye damu ikaendelea kutoka. Mzee mmoja wa kike akasema ni damu chafu, iachwe itoke. Mumewe alikuwa kazini mbali na simu yake ilikuwa imezimwa, na waliokuwapo hawakuthubutu kuamua pasipo neno lake. Walipoamua, mwenye gari alitaka fedha kwanza, na nyumba ile haikuwa nazo. Pikipiki ilishindwa kupanda kilima kwa utelezi. Wakambeba kwa kitanda mpaka barabarani, na huko barabarani akakata roho.

Asubuhi yake chama kililetewa habari. Kabla ya jua la adhuhuri fedha zilikuwa zimetolewa: za gari, za jeneza, za sanda, na za chakula cha wageni. Hesabu ile tuliiandika kwa mkono wetu wenyewe. Gari lililokosekana usiku kwa ajili ya mgonjwa lilipatikana asubuhi kwa ajili ya maiti, na fedha zilizolilipa zilikuwa benki usiku ule mama yule alipokuwa akitokwa na damu. Tulipofunga daftari tulisoma tena sheria zetu kutoka mwanzo hadi mwisho. Zasema fedha zitatolewa mtu akifa. Hatukukuta kifungu kimoja kisemacho fedha zitolewe ili mtu asife.

Wazee wetu, hatusemi haya ili kumlaumu yeyote. Kila mmoja usiku ule alifanya kadiri alivyojua. Twasema ili tujue zaidi, kusudi usiku mwingine kama ule ukija utukute tumejitayarisha.

Kwanza yatupasa kujua ukubwa wa jambo lenyewe. Kwa hesabu ya watu iliyofanywa Kenya mwaka 2019, ilikadiriwa kwamba katika kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai, akina mama 355 hufa kwa sababu ya mimba au uzazi. Katika nchi za kaskazini ya Ulaya hawafiki 10. Wanawake wa huko hawakuumbwa kwa udongo mwingine. Hatari za uzazi ni zile zile. Tofauti ni kwamba huko hatari ikitokea mkono wa msaada hufika mapema. Nasi hapa tumesonga mbele: uchunguzi wa afya wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa watoto 62 katika kila 100 walizaliwa mbele ya mhudumu aliyefundishwa, na ule wa mwaka 2022 ulionyesha 89. Hata hivyo wako 11 waliobaki nje, na mama anayejifungua juu ya kilima chenye tope usiku aweza kuwa mmoja wao.

Pili, tujue ni mambo gani yanayoua. Yaliyo makubwa ni machache, na dalili zake mtu yeyote aweza kuzifahamu.

La kwanza ni damu baada ya kujifungua. Kutokwa na damu kidogo ni kawaida, lakini ikizidi nusu lita ni hatari, na mama mwenye upungufu wa damu huzidiwa hata kabla ya hapo. Mara nyingi sababu ni kwamba mji wa mimba umelegea badala ya kukaza, au kondo la nyuma limebaki ndani. Damu ya namna hii yaweza kumwua mtu mwenye nguvu kwa muda wa saa mbili. Basi lile neno la kwamba ni damu chafu na iachwe itoke, twaomba kwa heshima lizikwe leo. Damu itokayo kwa wingi ni damu ya uhai.

La pili ni kifafa cha mimba. Mama huumwa na kichwa sana, macho huona giza au vimulimuli, uso na mikono huvimba, shinikizo la damu hupanda. Kisha huanguka na kutetemeka. Watu wengine husema amerogwa. Hakurogwa. Iko dawa, nayo ni sindano ya magnesiamu salfeti, na uchunguzi mkubwa uliotangazwa mwaka 2002 ulithibitisha kwamba mama mwenye dalili hizi akipewa dawa hiyo, hatari ya kupatwa na kifafa hupungua kwa zaidi ya nusu.

La tatu ni uchungu uliokwama. Mama akiona jua likichwa na kuchomoza naye angali katika uchungu, njia imefungwa. Mtoto huchoka akafa, na mji wa mimba waweza kupasuka. Mama anayenusurika huenda akabaki na fistula, mkojo ukimtoka bila kujizuia, akaona haya kuketi na watu hata kanisani.

La nne ni homa ya uzazi, inayokuja siku chache baada ya kujifungua au baada ya mimba kuharibika, pamoja na maumivu ya tumbo na uchafu wenye harufu.

La tano ni mambo ya miezi ya mwanzo, ambayo wengi hawayahesabu kuwa hatari kwa sababu tumbo halijaonekana. Mimba yaweza kutunga nje ya mji wake, katika mrija. Mrija ukipasuka, damu humwagika ndani ya tumbo pasipo kuonekana. Binti aliyekosa siku zake, akashikwa na maumivu makali ya upande mmoja wa tumbo, akazimia au akaona kizunguzungu, huyo asipewe dawa ya minyoo wala asiambiwe alale. Huyo ni wa kupasuliwa siku ile ile. Kadhalika mimba ikiharibika na sehemu yake ikabaki ndani, damu haikomi mpaka mganga aisafishe. Hapa twaomba jambo moja kwa baba na mama wa mabinti: mtoto wa kike akitokwa na damu, msianze kwa kumwuliza mimba ilikuwa ya nani. Mpelekeni kwanza. Maswali yatangoja, lakini damu haingoji.

Tatu, tutazame mahali muda unapopotea. Mwaka 1994 wataalamu wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika kwamba mama wa namna hii huuawa na ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua nyumbani, kuchelewa njiani, na kuchelewa kupata matibabu baada ya kufika. Sisi tulipoyasoma maneno yao tuliona kana kwamba waliketi Birongo usiku ule wa mvua. Tuyachukue moja moja.

Katika kuamua, kikwazo chetu ni kungoja ruhusa. Twamheshimu mume kuwa ndiye kichwa cha nyumba, lakini kichwa kikiwa safarini mwili usiachwe ufe. Mwanamke mtu mzima ana haki ya kukubali matibabu yake mwenyewe kwa sahihi yake mwenyewe. Hospitali haihitaji neno la mume wala la mkwe. Twashauri kila mume mwenye mke mjamzito aseme mbele ya baba yake na mama yake, mapema, mchana, watu wakiwa wametulia: "Dalili hizi zikitokea, mpelekeni, msiningoje." Neno hilo halipunguzi heshima ya mume hata kidogo.

Kikwazo kingine ni hofu ya kisu. Tumesikia wazee wakisema kwamba kumpasua mama ni mambo ya wageni, na ya kwamba mwanamke aliyezaa kwa kisu hakuzaa. Wazee wetu, ni nani aliyetuzidi sisi Abagusii kwa kisu? Dunia nzima ya waganga yawajua mabingwa wetu wa kale, ababari, waliofungua fuvu la mtu aliyeumia kichwani, wakaukwangua mfupa, na mtu akaishi. Na huko Bunyoro katika Uganda, mwaka 1879, mganga Mwingereza aliyeitwa Robert Felkin alishuhudia Waafrika wakimpasua mama na kumtoa mtoto. Mama alinyweshwa pombe ya ndizi, na pombe hiyo hiyo ikasafishia mikono na tumbo. Mama na mtoto wakaishi wote wawili. Felkin aliyaandika hayo huko Edinburgh mwaka 1884. Basi upasuaji wa uzazi haukuja Afrika ya Mashariki ndani ya sanduku la mgeni. Ulikuwapo, nasi tusiuonee haya leo unapofanywa kwa dawa ya usingizi na vyombo safi.

Katika njia, vikwazo vyetu ni vilima, mvua, usiku na fedha. Vilima na mvua ni kazi ya Mungu. Fedha na gari ni kazi yetu, nasi tutazirudia hivi punde. Kwa sasa mjue haya machache. Mama anayetokwa na damu alazwe kwa ubavu wa kushoto, afunikwe asipate baridi, wala asiketishwe wima juu ya pikipiki kama liko gari. Mwenye kifafa alazwe kwa ubavu, na asitiwe kijiko wala kitu chochote kinywani. Mtoto mchanga akamatishwe titi njiani, kwa maana kunyonya husaidia mji wa mimba kukaza. Na mtu mmoja apige simu hospitalini kabla ya kufika, ili watayarishe.

Katika hospitali, yatupasa kujua ni nyumba ipi yenye uwezo gani. Kitabu cha mwongozo kilichotolewa mwaka 2009 na Shirika la Afya Duniani pamoja na mashirika mengine chataja kazi 9 za kuokoa mama na mtoto. Saba za kwanza zaweza kufanywa hata katika kituo cha afya: sindano za kuua vijidudu, sindano za kukaza mji wa mimba, sindano za kuzuia kifafa, kutoa kondo kwa mkono, kusafisha mabaki ya mimba, kumsaidia mama kwa chombo cha kuvuta mtoto, na kumfufua mtoto asiyepumua. Mbili za mwisho, upasuaji na kuongezwa damu, ni za hospitali iliyo kamili. Kitabu hicho chasema watu 500,000 wanahitaji nyumba za namna hii zisizopungua 5, na angalau moja kati yake iwe kamili. Kwa hesabu ya mwaka 2019 Kisii ilikuwa na watu 1,266,860. Basi kwa kipimo hicho twahitaji nyumba zisizopungua 13, na 3 kati yake ziwe kamili, zenye daktari na damu usiku na mchana.

Iko hospitali kubwa ya Kisii, iliyoanzishwa mwaka 1916 kwa ajili ya askari wa Vita Kuu ya Kwanza, na sasa ni hospitali ya mafunzo na rufaa. Iko ya Keumbu, kando ya barabara ya Kisii na Keroka. Ziko zahanati zetu zilizo karibu zaidi. Lakini jengo lenye bati jipya si lazima liwe na mganga usiku. Twapendekeza Kamati itume wajumbe wawili waende kwa adabu kila nyumba ya tiba iliyo karibu, waulize ni kazi zipi katika zile 9 zinazofanywa pale, na saa ngapi, kisha orodha ibandikwe makanisani na madukani. Mgonjwa aliyepelekwa mahali pasipoweza kumsaidia amepotezewa saa ambayo huenda ndiyo ya mwisho.

Elimu ya uganga nayo yaongezeka. Mwaka 2023 ilitangazwa kazi iliyofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Tanzania na Afrika ya Kusini, kwa akina mama zaidi ya 200,000. Wakunga walikinga damu kwa mfuko wenye alama za kupimia badala ya kukisia kwa macho, na kipimo kilipopita, dawa zote na kukanda tumbo vikafanywa pamoja pasipo kungoja. Visa vya damu kuzidi mno pamoja na vifo vilipungua kwa 60 katika kila 100. Hapakuwa na mashine kubwa wala jengo jipya. Palikuwa na kupima mapema na kutenda mara moja. Hilo ni funzo hata kwetu tusio waganga.

Watu huuliza: je, tukifika bila fedha, tutafukuzwa? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yaongeza kwamba nyumba ya tiba yenye uwezo ikikataa kutoa matibabu ya dharura imefanya kosa, na faini yake yaweza kufika shilingi milioni tatu. Jueni hayo, na myaseme kwa upole mlangoni, kwa kuwa mlinzi wa lango huenda hayajui.   Malipo ya kujifungua katika hospitali za serikali yaliondolewa tarehe 1 Juni 2013, na baadaye ukaja mpango wa Linda Mama. Tarehe 1 Oktoba 2024 mfuko wa zamani wa bima ulifungwa, na Mamlaka ya Afya ya Jamii ikashika kazi. Kwa hiyo kila mwanachama aandikishe nyumba yake yote mapema. Si jambo la kufanya mgonjwa akiwa amelala kwenye benchi.

Liko jambo la damu. Hospitali haiwezi kuinunua dukani wala kuitengeneza kiwandani. Hutoka katika mkono wa mtu. Katika Kenya sehemu kubwa ya damu imekuwa ikitolewa na wanafunzi wa shule za sekondari, na shule zikifungwa akiba hupungua. Sisi watu wazima tumewaachia watoto mzigo wetu. Mtu mwenye afya, wa umri wa miaka 16 hadi 65, mwenye uzito wa kilo 50 au zaidi, aweza kutoa. Mwanamume kila baada ya miezi mitatu, na mwanamke kila baada ya minne.

Sasa, Bwana Mwenyekiti, twafika kwenye ombi letu. Twajua wako wazee watakaosema kwamba fedha za chama ni za mazishi, na kwamba baba zetu walioanzisha chama waliogopa aibu ya Mgusii kuzikwa ugenini kama mtu asiye na ndugu. Hofu yao ilikuwa ya kweli, nasi twaiheshimu. Hatuombi mazishi yaachwe. Lakini twauliza: aibu ipi ni kubwa zaidi, ya kuzikwa bila ndugu, au ya kufa mbele ya ndugu wenye fedha benki?

Twaomba mkutano huu uamue mambo manne. Kwanza, sehemu ya kumi ya michango yote itengwe kuwa Mfuko wa Dharura, nayo ishikwe na watu watatu wa vijiji mbalimbali, ambao yeyote kati yao aweza kuitoa kwa simu saa yoyote ya usiku pasipo kuitisha Kamati. Hesabu italetwa baadaye, nasi tutaiandika kama tunavyoandika ya mazishi. Pili, yafanywe mapatano na wenye magari wa hapa kwetu, kwamba mama wa uzazi hubebwa kwanza na chama hulipa asubuhi. Tatu, vijana na wazee wenye afya wajiandikishe kutoa damu, hasa katika miezi ya likizo. Nne, mama zetu wakunga wa jadi waalikwe kwa heshima, wasikemewe, wawe ndio wa kwanza kutambua dalili na kupiga simu, na wamsindikize mama mpaka hospitalini. Kwa maana mama huogopa kidogo akiwa na mkono anaoujua.

Sisi tuliosoma shule za misheni tulifundishwa habari za Raheli, mke wa Yakobo, aliyeshikwa na uchungu mkali njiani kuelekea Efrathi, akafa akimzaa Benyamini, na mumewe akasimamisha nguzo juu ya kaburi lake kando ya njia. Tulifundishwa pia habari za mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12, akatumia mali yake yote kwa waganga asipone, kisha akajipenyeza kati ya watu kwa siri kwa sababu ya haya. Mmoja alifia njiani. Mwingine aliteseka kimya. Wote wawili wako Birongo hata leo. Yakobo hakuwa na gari wala simu, wala hospitali mbele yake. Sisi tunavyo. Tukisimamisha nguzo tu, hatuna udhuru wake.

Bwana Mwenyekiti, daftari tumelileta, liko hapa mezani. Ukurasa unaofuata ule wa mazishi ni mweupe, nasi tumeuandikia kichwa kwa penseli: Mfuko wa Dharura. Tukubalieni tuuandike kwa wino.